Pampu au waya? Njia nne za kutafuta ugonjwa wa gari la spoti la zamani

Toyota Celica yangu ni ya mwaka 1995, na imewahi kubadilishiwa pampu ya petroli mara mbili ndani ya miezi minne. Pampu zote mbili zilizotolewa hazikuwa na kosa lolote. Mara ya kwanza gari liliwaka vizuri, tukapeana mikono na fundi, nikarudi nyumbani Lanet nikiimba. Wiki tatu baadaye likanizimikia kwenye mlima wa kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, lori liko nyuma linapiga honi. Ugonjwa wenyewe tuliupata baadaye chini ya dashibodi: nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, pale mtu fulani alipokata waya wa pampu miaka mingi iliyopita ili aweke swichi ya siri ya kuzuia wezi, ile tunayoiita kataauti. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami, na ndani yake shaba imegeuka kijani.

Tangu hapo wenzangu wenye magari ya aina hii hunipigia simu kuuliza: nimwite fundi wa waya, niende gereji yenye kompyuta, ninunue mita nijipimie, au nibadilishe tu pampu tuyamalize? Jibu hutegemea gari linazima vipi na wewe mwenyewe una nini mkononi, kwa hiyo nitaziweka njia zote nne mezani.

(Anayeshangaa kwa nini mtu ajitese na Celica kuukuu, ajue kwamba mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally kwa Celica. Mtoto aliyekulia Nakuru enzi hizo haponi.)

Kwanza, namna gari linavyozima

Kuna kosa moja ninalolisikia kila mara. Mtu anafungua swichi hadi taa za dashibodi ziwake, anatega sikio kwenye tangi, hasikii mvumo, anatangaza msiba. Kwenye Subaru Impreza ya zamani ana haki ya kushuku, maana pampu yake huvuma kama sekunde mbili mara swichi inapofunguliwa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazifanyi hivyo. Pampu yake husubiri stata. Unapopiga stata, relei ya pampu (swichi inayofungwa kwa nguvu ya umeme) hupata umeme kupitia koili yake ya kwanza. Injini ikishika na ukaachia ufunguo, koili ya pili ndiyo huendelea kuishikilia, na hiyo hushikwa na kompyuta ya injini maadamu kompyuta inaona injini ikizunguka.

Kwa hiyo gari linaloshika vizuri halafu linazima pale pale unapoachia ufunguo linakuelekeza kwenye relei, waya wa kompyuta au ishara ya mzunguko. Pampu imeshakuonyesha kwamba inafanya kazi.

Na hiyo ishara ya mzunguko, kwenye gari langu, hutoka ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi za injini. Kisomaji chake kikipata joto kikakatika, kompyuta haioni tena injini ikizunguka, inaachia relei, pampu inanyamaza. Ukisimama nyuma ya gari wakati huo utaapa kwamba pampu imekufa, kumbe imenyamazishwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa yeyote, andika mahali: lilizima baridi au moto? Ghafla kama taa iliyozimwa, au kwa kukohoa kohoa? Stata inazunguka? Sindano ya mzunguko wa injini (RPM) kwenye dashibodi inatikisika unapopiga stata, au imelala? Majibu hayo ni mali kwa fundi yeyote utakayemwendea.

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: pesa (pamoja na utakayopoteza ukikosea), inachoona na isichoona, hatari yake, na mtu inayemfaa.

Njia ya kwanza: kubadilisha pampu moja kwa moja

*Pesa.* Unalipa pampu na kazi ya kuifunga, basi. Dukani utapata za aina tatu: mpya yenye jina, mpya ya boksi linalofanana na lile lenye jina, na eksi-Japani. Hiyo ya tatu ina ubaya wake: imekaa kavu rafuni hujui muda gani, na huwezi kujua ilisukuma petroli miaka mingapi kabla ya hapo. Ukikosea ugonjwa, pesa yote imekwenda, kwa kuwa sijaona duka la spea linalorudisha pampu iliyokwisha kulowa petroli.

*Inachoona na isichoona.* Haioni kitu, inabahatisha. Tena inaweza kukudanganya vibaya. Ili kufika kwenye tangi fundi huchomoa kiti, huvuta zulia, husogeza nyaya, hufungua na kufunga plagi za umeme. Waya uliolegea ukitikiswa hurudi kushika kwa siku kadhaa, na sifa zote anapewa pampu mpya. Ndivyo nilivyopata zile wiki tatu zangu za furaha.

*Hatari.* Ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Unafungua tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, unaweza kufika kwenye jiko la mama wa chapati lililo mita kadhaa kutoka hapo. Betri itolewe waya, kazi ifanyiwe nje, taa iwe ya LED, kizima moto cha unga kiwe karibu. Na raba ya mfuniko wa tangi iwe mpya. Ikirudishwa ile ya zamani iliyovimba, utanusa petroli ndani ya gari kila ukijaza tangi.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye ushahidi tayari unamwonyesha pampu. Kwa mfano, pampu inalia kama nyuki kwa muda mrefu na sauti inapanda siku baada ya siku. Au gari lililokufa linafufuka ukipiga chini ya tangi kwa kisigino: hapo mara nyingi brashi za mota ya pampu zimekwisha. Au wewe ni wa kutembea na taa ya mafuta ikiwaka kila wiki, kwani petroli ndiyo hupoza pampu, na pampu inayofanya kazi tangi likiwa karibu tupu hupikika.

Njia ya pili: kujipimia mwenyewe

*Pesa.* Mita yangu nilinunua kwa shilingi 900, na balbu ya taa kubwa ya zamani sikulipia. Hiyo ndiyo karibu gharama yote. Ukikosea umepoteza Jumamosi.

*Inachoona na isichoona.* Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wana mita na hawajui inavyodanganya.

Chukua waya wenye nyuzi thelathini, zikatike ishirini na tisa, ibaki moja. Ukichomoa plagi ya pampu na kuweka mita hapo, itakuonyesha volti 12 na kitu, safi kabisa, kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wa kuhesabika. Rudisha plagi, pampu iombe ampea zake sita, na ule uzi mmoja unashindwa. Kiungo kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ampea 6 zinapoteza volti 3 hapo njiani. Pampu inabaki na 9. Na pale kwenye kiungo kunazaliwa joto la wati 18, karibu sawa na balbu ya indiketa, ndani ya tepu nyeusi. Sasa unajua tepu yangu iliyeyushwa na nini.

Ndiyo maana kipimo cha maana hufanywa pampu ikifanya kazi. Kwenye Toyota za wakati huo kuna kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti chenye matundu yenye majina. Unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, pampu izunguke. Ikivuma hapo na gari lilikuwa limekataa, pampu iko hai na relei au anayeiamuru relei ndiye mgonjwa. Kisha weka ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye waya wa chanya wa pampu: namba unayoiona ndiyo inayopotea njiani. Mimi hukubali hadi nusu volti. Fanya vivyo hivyo upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi kupitia bodi, kutoka waya wa ethi wa pampu hadi hasi ya betri, na huko zaidi ya volti 0.2 hunipeleka kutafuta kutu. Vumbi la Nakuru na matope ya mvua ndefu hupenda sana skrubu za ethi zilizofungwa kwenye bodi.

Mtu asiyependa hesabu achukue ile balbu ya wati 55, aiunganishe kwenye plagi ya pampu badala ya pampu. Inavuta ampea nne na nusu hivi. Ikiwaka nyeupe, waya ni mzima. Ikiwaka nyekundu kama kaa la makaa, waya umechoka, hata kama mita iliapa kwamba kuna volti 12. Ila balbu hiyo huwa moto sana, na haitakiwi kukaa karibu na tangi lililofunguliwa. Tumia waya mrefu uipeleke mbali.

Isichoona: presha. Mita haijui kama pampu inayozunguka inasukuma petroli ya kutosha, wala kama filta imeziba.

*Hatari.* Ukiunganisha tundu lisilo lake kwenye kile kisanduku unaweza kuunguza kitu. Soma majina kwenye mfuniko mara mbili. Ukiona fyuzi inaungua, usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inakuambia jambo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari lililolala nyumbani na lisilowaka kabisa, na mwenye subira. Haimfai mtu ambaye gari lake huzima mara moja kwa mwezi, kwa sababu kila utakapotoa mita gari litakuwa halina ugonjwa wowote, imara kama chuma cha pua.

Njia ya tatu: fundi wa waya wa mtaani

*Pesa.* Mnaelewana kabla. Ni nafuu, na wengi hulipwa kwa ugonjwa uliopatikana, si kwa saa. Ukikosea hupotezi sana siku hiyo. Hasara hujificha ndani ya waya aliouacha.

*Inachoona na isichoona.* Fundi mzuri wa waya, awe kwenye kibanda cha Nakuru au jua kali ya Kisumu, ana kitu ambacho kompyuta haina: ameona alamu, kataauti na vifaa vya kufuatilia gari vya kila aina, vingi akiwa amevifunga yeye mwenyewe. Anajua vinakofichwa. Aliyenipatia ugonjwa wangu hakupima kitu kwa dakika kumi za mwanzo. Alilala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, akapapasa nyaya moja moja kwa vidole huku gari likinguruma, akafika mahali akarudisha mkono haraka. "Bosi, hapa panachoma." Ndio ulikuwa uchunguzi mzima.

Kwa gari lililopita mikononi mwa watu watano au sita, kama yalivyo mengi ya rika hili, ujuzi huo una thamani kuliko kitabu cha michoro ya nyaya. Kitabu kinaonyesha gari lilivyotoka kiwandani, na hakijui lilikopita baadaye.

Asichoona, mara nyingi, ni kilicho ndani ya bomba la petroli, na ishara za kompyuta.

*Hatari.* Testa yake yenye balbu ya kawaida huvuta umeme wa kutosha kudhuru nyaya za kompyuta na za vihisio. Mwombe kwa heshima atumie ya LED upande huo. Anayechoma ngozi ya waya kwa sindano ili apime anaacha tundu, na maji huingia. Na kiungo kipya kisokotwe na kuchomelewa risasi, kifunikwe kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Akitoa tepu nyeusi, mnunulie mpira huo wewe mwenyewe. Ni wa bei ya soda.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari lenye historia ya alamu, na mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka, mradi fundi awe tayari kukaa na gari au kupanda nalo hadi lizime.

Njia ya nne: gereji yenye geji ya presha na kompyuta

*Pesa.* Ni ghali kwa kuanzia, na unalipia kupimiwa hata kama hakuna kilichobadilishwa. Watu huchukia hilo. Mimi sasa nalipa bila kunung'unika: pampu moja yenye jina inazidi malipo hayo, na mimi nilinunua mbili.

*Inachoona na isichoona.* Geji ndiyo inayomaliza ubishi wa petroli. Toyota za petroli za wakati huo, ukichomoa kibomba cha vakyumu kwenye regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya petroli), zinatakiwa kuwa kati ya bar 2.7 na 3.1. Ukizima, presha isishuke chini ya bar 1.5 ndani ya dakika tano. Ikishuka, ndiyo sababu unapiga stata muda mrefu asubuhi. Presha nzuri gari likiwa limesimama na inayoanguka likiwa na mzigo inamaanisha filta au pampu iliyochoka, na hilo hakuna mita wala kidole kitakuonyesha. Kishikio cha kupima ampea nacho kinasaidia: pampu ya aina hii kwa kawaida huvuta kati ya ampea 4 na 8.

Kompyuta ni habari nyingine, na usiiamini kuliko inavyostahili. Marekani iliilazimisha OBD-II, mfumo wa pamoja wa kusoma makosa ya gari kwa kompyuta, kwa magari ya mwaka 1996 kuendelea. Gari lililojengwa kwa ajili ya soko la Japani halikubanwa na sheria hiyo. Kwa hiyo kile kifaa cha kuchomeka kinachosoma Vitz na Fielder kitakuja kwenye Celica yako na kukosa hata pa kuchomeka. Fundi anayejua ataunganisha TE1 na E1 kwenye kile kisanduku cha chini ya boneti na kuhesabu taa ya injini ikipepesa. Kila idadi ya kupepesa ni kodi, yaani namba ya kosa: 12 ni ishara ya mzunguko, 14 ni ishara ya kuwasha cheche. Zote mbili zinaweza kukuletea gari linalozima kana kwamba limekosa petroli. Kodi ya presha ndogo haipo kwenye mfumo huo, kwa hiyo "kompyuta haijaona kitu" haimaanishi pampu ni nzima.

Hata geji haijui ni petroli ya namna gani inayopitia hapo. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya watu kuyachanganya na mafuta ya magari. Presha ikiwa sawa na gari bado linakohoa, toa petroli kidogo kwenye chupa angavu uiache itulie. Maji hukaa chini.

*Hatari.* Ndogo, ikiwa wanatoa presha kabla ya kufungua bomba. Uliza tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari linalowaka lakini halina nguvu, na asiyeweza kupoteza siku kwa majaribio.

Sasa uko katika hali gani?

Limelala uani na haliwaki: anza na mita na balbu. Kama pampu inazunguka kwa waya wa +B na FP lakini haizunguki kwa stata, hujahitaji kugusa tangi. Kama haizunguki ingawa balbu inawaka nyeupe kwenye plagi yake, nunua pampu kwa moyo mweupe.

Linapanda mlima wa Kericho likihema, tambarare ya Ahero linakwenda vizuri: geji, na ubadilishe filta kabla ya mambo mengine.

Linazima likishapata joto, kwa mfano alasiri kwenye foleni ya Kondele, na baada ya nusu saa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea: hapo fundi wa waya na gereji wote wana sehemu yao. Likizima, kabla halijapoa, angalia sindano ya mzunguko unapopiga stata na kama kuna cheche. Sindano imelala na cheche hakuna, lipeleke kwa anayejua distribyuta. Cheche ipo na tangi kimya, fuata relei na nyaya.

Umelinunua juzi, na muuzaji alikuonyesha kitufe mahali fulani chini ya usukani akicheka: nenda kwa fundi wa waya kabla halijaanza kuzima, aitoe kataauti yote na kurudisha waya mmoja mzima.

Uko Londiani saa mbili usiku na limekata: jaribu kisigino kwenye tangi mtu akipiga stata, kisha badilisha relei kwa nyingine ya aina ile ile. Mimi hubeba relei moja, fyuzi tatu na balbu yangu kwenye kisanduku cha dashibodi. Tepu nyeusi sibebi tena.